Nyumba Yenye Taa Milamba

Umeme ulikatika jioni, kichwa cha mtoto kikiwa kimeshatokea.

Awa, mkunga wa mtaa wa Milamba, hakupiga kelele. Alimwambia mzazi, "Usisukume, mwanangu, pumua tu," akanyoosha mkono kutafuta kibatari pale alipozoea kukiweka. Hakukipata. Mwanga kidogo uliobaki dirishani haukufika kitandani. Basi alimpokea mtoto kwa vidole. Aliusikia uzi wa kitovu umemzunguka shingoni, akaufungua kwa kupapasa, lakini mtoto hakulia, na Awa hakuweza kuiona rangi yake. Akamsugua mgongo kwa kanga, akampulizia kinywani, akamsugua tena, asijue anahangaika na aliye hai au na maiti. Mwishowe mtoto akakohoa, akalia. Bi Nuria, mama mkwe wa Awa, alipoingia na taa, alimkuta amekaa sakafuni, mtoto mapajani, bado anamsugua.

Mtoto alikuwa mzima, na mama yake pia. Lakini kwa siku nyingi baadaye Awa akifumba macho alikuwa anauona ule weusi.

Huo ulikuwa mwaka wa 1972, Mocímboa da Praia, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji. Umeme wa mji ulitoka kwenye mtambo mmoja wa dizeli, na dizeli ililetwa kwa meli kutoka Porto Amélia. Vita vya kumng'oa Mreno vilipozidi kupamba moto bara, meli zilileta askari kwanza, kisha risasi, na dizeli ya watu ikawa ya mwisho. Taa ziliwaka jioni mbili, zikazimika tatu. Watu wengi wa Milamba hawakujali sana, maana nyumba zao hazikuwa na waya hata mmoja. Nyumba ya Awa na mumewe Rajabo ilikuwa nao, kwa sababu ya friji.

Friji ile kubwa nyeupe ilikuwa roho ya Rajabo. Alfajiri alikuwa anashuka bandarini, anachagua kolekole na kamba wazuri kwenye vyombo vinavyoingia, anawaweka kwenye baridi, na mchana anawapelekea Wareno wa hotelini. Umeme ukikatika, samaki walioza, na mpishi wa hoteli aliwarudisha huku amejiziba pua. Rajabo alikuwa mtu mpole, lakini siku hizo hata salamu alizijibu kwa mkato.

Ndipo akasikia kwamba Senhor Henrique anauza jenereta.

Senhor Henrique alikuwa Mreno mwenye shamba la minazi nje ya mji. Vibarua wake walikuwa wamemkimbia, mmoja mmoja, na sasa yeye mwenyewe alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao Ureno. Aliuza meza, aliuza baiskeli, aliuza hata milango. Jenereta ilikuwa ndogo, ya dizeli, ya kuwashwa kwa kuzungusha mkono, na ilitosha friji na taa tatu nne.

Rajabo alilileta jambo hilo nyumbani wakati wa chakula cha mchana.

"Tukiwa nayo," alisema, "mji mzima ukizimika sisi hatuna habari. Samaki salama. Na wewe, mama Muhamudo," akamgeukia Awa, "chumba unachowazalishia wazazi kina taa siku zote."

Awa alirudisha tonge sahanini. Alikuwa anaiwaza ile jioni. "Ningeipenda," alisema. "Wallahi ningeipenda."

Bi Nuria alimenya muhogo wake mpaka mwisho kabla ya kusema. "Mji wote giza, nyumba moja inawaka. Hiyo si taa, mwanangu. Hiyo ni kuita watu."

"Watu gani, mama?" aliuliza Rajabo.

"Sijui. Ndiyo maana nasema."

"Mama, hatumfanyii mtu ubaya. Samaki na wazazi tu."

"Hata embe bivu halimfanyii mtu ubaya," alisema Bi Nuria, "na bado linapigwa mawe."

Wakabishana kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kama watu wanaopendana wanavyobishana: asubuhi, halafu wanasahau, halafu wanaanza tena. Rajabo alisema dizeli ataitafuta bandarini kwa watu anaowajua. Awa aliuliza kama mashine ina kelele. Rajabo alisema kila mashine ina kelele, hata cherehani. Mwishowe Senhor Henrique mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alimwambia Rajabo, "Kaa nayo wiki moja. Ukiipenda, tutazungumza. Usipoipenda, nirudishie."

Ikaletwa kwa trekta, ikawekwa uani chini ya kibanda cha makuti. Senhor Henrique akawaonyesha jinsi ya kuizungusha na mahali pa kutia dizeli, akaondoka bila kungoja kuiona ikiwaka.

Jioni ile ile umeme wa mji ulikatika. Rajabo alizungusha mara nyingi, akatokwa na jasho, kisha mashine ikakohoa, ikashika, na nyumba yote ikang'aa. Kelele zake zilitikisa vikombe kwenye kabati. Watoto wa jirani walikuja mbio na kucheza kwenye mraba wa mwanga uliotoka dirishani. Awa alisimama katikati ya chumba cha wazazi akaitazama mikono yake, pande zote mbili. Aliona doa dogo ukutani ambalo hakuwahi kuliona, akacheka peke yake, akaenda kutafuta kitambaa alifute.

Na wema wa taa ile haukuwa wa kuambiwa tu. Kesho yake alikuja mke wa fundi seremala wa mtaa wa pili, mimba ya kwanza, akajifungua baada ya magharibi. Alichanika vibaya. Awa alipaona mahali penyewe waziwazi, akapashona kwa utulivu kama mtu anayepinda ukingo wa shuka. Akawaza kwamba, bila taa, huyu angetoka damu mpaka asubuhi. Usiku ule alimwambia mumewe, "Bila taa yule angekufa. Mwambie Senhor Henrique tunainunua."

"Wiki haijaisha," alisema Rajabo, lakini alikuwa anatabasamu gizani. Alikuwa ameshaizima mashine kubana dizeli.

Siku iliyofuata askari wa Kireno wakaja.

Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa sarjenti mmoja kijana aitwaye Manuel, mwembamba, uso umeiva kwa jua. Hawakuja kwa ubaya. Kambi yao ilikuwa na umeme wake, lakini kambini hakuna pa kukaa bila kuamriwa, na baa ya mjini ilikuwa giza. Walikuwa wamesikia mngurumo, wakaufuata. Sarjenti Manuel alibisha mlango kwa adabu, akavua kofia, akaomba kama wanaweza kuweka bia zao kwenye friji na kukaa barazani kidogo.

Rajabo angesemaje? Akatoa mkeka, akatoa na benchi.

Kesho yake walirudi saba, na debe la dizeli begani. "Ya mashine," alisema sarjenti. "Usihangaike kutafuta. Ikiisha, niambie."

Rajabo alilipokea debe kwa mikono miwili. Alipoingia ndani alimwambia Awa kwa sauti ya chini, "Umeona? Hata dizeli imekuja yenyewe."

Awa aliona. Aliona pia bunduki tatu zimeegemezwa ukutani, karibu na mlango wa chumba cha wazazi.

Tangu hapo kila jioni ikawa hivyo. Vijana wale walikunywa, waliimba nyimbo za kwao, mmoja wao alilia kidogo akaficha uso. Hawakumgusa mtu. Sarjenti Manuel alikuwa anamsalimu Bi Nuria kwa Kiswahili alichojifunza, vibaya lakini kwa moyo. Mashine ilinguruma, samaki walikaa baridi, mpishi wa hoteli akaanza kumsifu Rajabo tena. Na chumba cha wazazi kilikuwa kimefagiliwa, shuka imetandikwa, taa inawaka, na hakuna mtu.

Mwanzoni Awa alidhani ni bahati. Wanawake hawazai kwa ratiba. Lakini alikuwa na mmoja aliyekuwa anamhesabia, msichana aitwaye Verónica, ambaye siku zake zilikuwa zimefika.

Verónica na mama yake, Felismina, walikuwa Wamakonde kutoka nyanda za juu. Serikali ya Wareno ilikuwa imewahamisha pamoja na watu wengi, ikawaweka katika vijiji vyenye uzio karibu na mji, watazamwe. Mji ulikuwa na hospitali, na Awa mwenyewe alikuwa amefanya kazi humo kwa miaka mingi. Lakini hospitalini mzazi aliandikishwa: jina, kadeneta, yaani kitambulisho cha serikali, mume yuko wapi. Mume wa Verónica alikuwa msituni na wapiganaji. Waume wa wenzake wengi walikuwa huko huko. Basi walikuja kwa Awa kimya kimya kupitia uani, giza likianza kuingia, kwa sababu Awa hakuuliza mume yuko wapi. Aliuliza uchungu umeanza lini, basi.

Asubuhi moja Awa alimwona Felismina sokoni, ameketi nyuma ya mafungu ya muhogo. Akamwendea kwa furaha.

"Mama Verónica! Mbona kimya? Verónica vipi?"

Felismina alipanga upya muhogo uliokuwa umeshapangwa. "Amejifungua."

"Amejifungua? Wapi? Mbona hamkuja?"

"Tulikuja." Felismina aliinua macho. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimuumiza Awa zaidi. "Tulifika mpaka kwenye ua wako. Uchungu ulikuwa umemshika. Tukasikia mashine, tukaona nyumba inawaka, tukawaona waliokaa. Mwanangu akasema, mama, twende. Tukageuka."

Awa alichuchumaa mbele yake. Aliuliza, "Yuko wapi sasa?"

"Kwa dada yangu, ukingoni mwa mji. Mtoto mzima. Yeye ana homa."

"Nipeleke."

"Una wageni nyumbani, mama Awa."

"Felismina. Nipeleke."

Felismina alifunga muhogo wake, akatangulia. Njiani Awa alipitia kwa rafiki yake muuguzi, akaomba vidonge na dawa ya kusafishia. Walimkuta Verónica katika jiko la makuti, amelala juu ya mkeka, midomo imekauka. Mtoto wa kike alikuwa amelala kifuani kwake, amefumba ngumi. Awa aliomba maji yachemshwe, akafungua mlango wazi kabisa jua liingie, akanawa mpaka viwiko, akafanya kazi yake. Kulikuwa na kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani. Ilikuwa kazi ya maumivu. Verónica aliuma pindo la kanga, hakupiga ukelele. Kilipotoka, Awa alimsafisha, akampa vidonge, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko.

Alasiri homa ilianza kushuka. Verónica alifumbua macho, akamtazama.

"Mama Awa, nyumba yako ilikuwa inapendeza," alisema. "Niliiona toka mbali. Nikasema, leo nitazaa kwenye taa kama mke wa gavana."

Hakusema kwa kumlaumu. Alisema tu, kisha akalala tena.

Awa alirudi nyumbani, akamkuta Rajabo anafuta friji kwa kitambaa chenye maji. Alimweleza yote, tangu sokoni mpaka uji. Rajabo aliacha kufuta.

"Atapona?"

"Mungu akijaalia. Lakini mashine iondoke, baba Muhamudo."

Rajabo alikaa kwenye ukingo wa kinu. "Yule mke wa seremala," alisema, "wewe mwenyewe ulisema bila taa angekufa. Na yule mtoto wa kitovu? Umesahau ulivyopapasa gizani?"

"Sijasahau. Taa naitaka hata sasa. Ukinipa taa ambayo haina watu, nitaichukua kesho."

"Taa haina watu. Watu wamekuja wenyewe."

"Ndiyo. Na sasa taa ni yao. Dizeli yao, bia zao, baraza lao. Mimi nimebaki na chumba kitupu. Wale wanawake hawana pengine pa kwenda, Rajabo. Wewe una friji, unaweza kuuza samaki wabichi asubuhi, unaweza kukausha. Wao wana mimi."

Mara chache sana alimwita jina lake. Rajabo aliitazama friji yake kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Haya," alisema. "Tuseme iondoke. Nitamwambia nini sarjenti? Nimepokea dizeli yake. Leo nizime taa, kesho ataniuliza nani kaniambia nizime. Kisha ataanza kuulizauliza nani anaingia humu na nani anatoka. Ndivyo wanavyofikiri wakati wa vita. Mtu haweki taa akaiondoa bure."

Hilo lilikuwa kweli, na Awa alilijua.

Bi Nuria alikuwa pembeni anapeta mchele. Akaweka ungo chini. "Mwambieni naumwa."

"Unaumwa, mama?" Rajabo alishtuka.

"Nina uzee huu wote, nitakosaje kuumwa? Kichwa kinanigonga tangu mlipoileta ile mashine yenu. Sikusema, kwa sababu sikuulizwa." Akainuka, akajishika kiuno. "Sasa nimeulizwa. Nitandikieni kitanda."

Awa alijaribu kujizuia, lakini kicheko kilimtoka, na Rajabo naye akacheka, cheko la mtu aliyebanwa kwa siku nyingi. Walimtandikia. Akajilaza, akajifunga kitambaa kichwani, akaagiza limau.

Jua lilipoanza kushuka sarjenti Manuel alikuja na wenzake, wakakuta baraza tupu na kimya. Rajabo aliwapokea mlangoni.

"Mashine imeharibika?" aliuliza sarjenti.

"Mama yangu mgonjwa, sarjenti. Kichwa. Kelele zinamuua. Nimeamua kuirudisha kwa mwenyewe. Dizeli yako iliyobaki hii hapa."

Sarjenti hakulipokea debe. "Naweza kumwona?"

Rajabo alimwongoza ndani. Bi Nuria alikuwa amefumba macho, limau mkononi. Sarjenti Manuel alivua kofia, akasimama miguuni pa kitanda. Alimtazama yule bibi. Alimtazama Awa aliyesimama pembeni. Kisha akatazama ng'ambo ya mlango, kwenye chumba cha wazazi, shuka nyeupe iliyonyooka, beseni, mafungu ya vitambaa safi. Awa aliona macho yake yamekaa pale zaidi ya ilivyolazimu.

"Pole, bibi," alisema kwa Kiswahili.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Nuria bila kufumbua macho, na sauti yake haikuwa ya uongo.

Nje, wenzake walipokuwa wanatoa bia kwenye friji, sarjenti alimvuta Rajabo kando. Alisema polepole, kwa Kireno, ili aelewe vizuri. "Bora imekuwa hivi. Kapteni alishaanza kusema kwamba hapa pana taa na pana nafasi. Alitaka kuweka mlinzi mlangoni kwako kuanzia wiki ijayo, awe anaandika wapitao." Akavaa kofia. "Nitamwambia hapafai. Kuna ugonjwa."

Rajabo hakujua kama kijana yule alikuwa ameelewa kila kitu au hakuelewa lolote. Hakuthubutu kumuuliza. Sarjenti alichukua debe lake, akaondoka, na baraza la Milamba halikumwona tena.

Senhor Henrique, ambaye bado hakuwa amelipwa, hakukasirika. Alikuja na trekta, akaipakia jenereta, akakaa juu ya tairi kuvuta sigara. Rajabo alimwomba radhi.

"Usiombe radhi," alisema Mreno yule. "Niliinunua vita vilipoanza. Unajua niliiwasha mara ngapi? Chache sana. Nilikuwa nakaa gizani, na mashine nzima stoo. Ukiwa na taa peke yako, kila mtu anakuona, na wewe humwoni mtu." Akatupa sigara. "Nilidhani labda kwenu, watu wa hapa, itakuwa tofauti."

Mashine iliishia hotelini. Kutoka Milamba waliisikia jioni, mbali, ikinguruma, na vijana wa kambi wakiimba.

Rajabo aliteseka kwa muda. Alipoteza biashara ya hoteli, akarudi kwenye kazi aliyoikimbia ujanani, kukausha samaki kwa chumvi na moshi, na nguo zake zikanuka moshi mpaka Ijumaa, siku ya kuvaa safi. Umeme wa mji ulizidi kuwa wa nadra, na friji ikageuka kabati: Bi Nuria aliweka humo unga na mchele, akisema ni kitu pekee cha kizungu ambacho panya hawakiwezi. Siku moja Rajabo alirudi kutoka safari ya kisiwa cha Ibo na karabai, taa ya mafuta ya kupampu, mpya, imefungwa kwenye gunia. Aliining'iniza chumba cha wazazi, akaiwasha, ikatoa mvumo mdogo kama nyuki ndani ya mzinga. Awa akashona mapazia mazito ya dirisha. Mwanga wake haukuwa kama ule wa jenereta. Jambo la kushona mahali padogo bado lilimtaka akunje macho, na mara moja, mwanamke alipopoteza damu nyingi, Awa aliikumbuka ile taa nyingine kwa uchungu. Hakumwambia mtu.

Wanawake hawakurudi mara moja. Habari ya askari ilikuwa imeenda mbali, na habari ya kwamba wameondoka ilienda kwa mguu. Walianza wa mtaani, kisha mmoja wa bara alikuja mchana kweupe na kikapu cha mihogo kichwani, akajifanya muuzaji, akaingia uani, akakaa chini na kusema uchungu umeanza tangu alfajiri.

Verónica alipona. Wakati wa mvua Awa alikutana naye sokoni, mtoto mgongoni, mnene, amelala na mdomo wazi. Verónica alisimama, akamgeuza mtoto ili Awa amwone. Felismina alikuwa naye. Alimsalimu Awa kwa heshima, akauliza habari za Bi Nuria, lakini hakuweka mzigo chini, na baada ya kidogo akamwambia mwanawe waende, mvua inakuja.

Awa aliwatazama mpaka walipopinda kona ya wauza chumvi. Kisha akanunua limau za mama mkwe wake, akarudi nyumbani, kwa sababu kulikuwa na mzazi aliyejifungua alfajiri, amemwacha kitandani.